Maji Aliyoyaomba Bibi

Familia iliyonikaribisha likizo hii ya baridi inacheka mezani. Kutoka chumba kilichofungwa nyuma yangu inatoka harufu ya dawa ya kuchua yenye kafuri, na mtu anakohoa. Mama mwenye nyumba ananiongezea supu kana kwamba hakusikia.

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Malindi, tulimpokea msichana wa rika langu kutoka nchi ya baridi kama hii, akae nasi likizo nzima. Mama alimpa kitanda changu na kumwekea asumini kwenye mto wa kulalia. Bibi, aliyekuwa mgonjwa, alihamishiwa chumba cha uani.

“Mgeni asijue kuna mgonjwa,” mama aliniambia. “Likizo yake itaharibika.”

Adhuhuri moja tulikuwa tukila mahamri, mimi na mgeni, bibi akaita kwa sauti ya chini.

“Mjukuu wangu, niletee maji. Na huyo mzungu wako mwambie apite anione, mimi siumi watu.”

“Naja, bibi.”

Mgeni akauliza ni nani yule. Nikamjibu kwamba hakuna mtu, tukaendelea kula. Bibi hakuita tena.

Alifariki alasiri ile. Hakufa kwa kiu. Hilo nimelipima kwa makini miaka yote hii, na kila nikifikia hitimisho naanza upya.

Kikohozi kimerudi. Namuuliza mtoto wa nyumba hii ni nani aliyemo chumbani. Anamtazama mama yake kwanza.

“Hakuna mtu,” anasema.

Najaza maji kwenye bilauri yangu, nainuka, naelekea mlangoni.