Kiungo cha Saruji Chini ya Bwawa

Tarehe nne Machi nilimzika mume wangu, Baba Neema, fundi wa mabomba ya majitaka. Wiki tatu baadaye mhandisi alinipigia simu nikiwa nyumbani Mpwapwa. Tetemeko dogo lilikuwa limepita, naye ametumwa kupima kama bomba la majitaka lililolazwa chini ya bwawa, mbele ya Hombolo, litastahimili kubwa zaidi. Michoro haikuonyesha viungo. Aliyeviunga ni marehemu, na mimi ndiye niliyemshikia kamba ukingoni alipozama kuviunga.

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka kwa basi, kamba ile ikiwa kwenye kikapu. Njia nzima sikuelewa: ardhi ikitikisika, bomba lililo majini linavunjikaje?

Saa saba mchana nilifika. Mhandisi, binti wa umri wa Neema wangu, aliniamkia shikamoo, akanipa pole, akanieleza. Udongo laini wa chini husogea. Kiungo cha mpira hupinda nao, kigumu hukatika, na uchafu huingia kwenye maji wanayoteka watu wa pale. Nilimwomba arudie. Akarudia.

Baba Neema alizoea kuweka mawe matatu, kama mafiga, ukingoni mkabala na kila kiungo. Niliyatafuta, nisiyaone. Nikaanza kudhani nimekosea bwawa. Yohana, mwenye mtumbwi, akacheka.

"Mama, si mlilaza bomba kiangazi? Ukingo wenu sasa uko majini. Hapa unatafuta mafiga pasipopikwa."

Tukapanda mtumbwi. Yohana akachokoa chini kwa upondo mpaka ukagonga mawe. Mhandisi akaandika: mpira. Mbele kidogo, mawe tena. Mpira. Pa tatu, mawe tena. Mhandisi alishaanza kuandika mpira.

"Hapa si mpira," nikasema. "Ulipungua mmoja, akaunga kwa saruji. Alisema atarudi kubadili."

"Una hakika, mama?"

"Mimi ndiye niliyeikoroga."

Yohana hakucheka tena. Mhandisi akasema kwa upole kwamba taarifa inataka jina la fundi. Nikamtajia majina yote matatu ya mume wangu.

Saa kumi tulianza kurudi. Mambo ya matetemeko bado yananichanganya. Nilichojifunza ni kwamba kiungo kile kitabadilishwa kabla ya kiangazi, na kwamba mume wangu hakurudi kukibadili.

Kabla hatujaondoka Yohana alihitaji kamba ya kufungia dumu tupu, lielee juu ya mahali pale kuwa alama ya kiungo. Nikampa ile ya kwenye kikapu.