Fundi Seifu na Mulinee ya Muhanna

Seifu wa mtaa wa Buyenzi hakuumbiwa kukaa. Miaka thelathini alikuwa ameishi chini ya magari ya watu, na hata msibani mikono yake ilitafuta kitu cha kukaza. Sasa petroli ilikuwa imeadimika mjini, magari yamelala kwenye foleni, na gereji yake ilikuwa na wiki tatu haijasikia injini. Aliamka akapanga spana, akazipangua, akazipanga tena. Mkewe Miza alikuwa amemchoka.

Petroli lakini ilikuwa nusu tu ya shida. Nusu ya pili ilikuwa posa. Mwanawe wa kwanza, Anouar, fundi kama yeye, alimpenda Lamya, binti wa Muhanna mwenye duka la vitambaa kule mtaa wa Asiatique, watu wa asili ya Omani, wenye jina la siku nyingi mjini. Mshenga wao, mzee Ilyasi, alipeleka barua, wiki sita zikapita, jibu halikuja. Si la kukubali, si la kukataa. Anouar alikonda hadi shati likamcheza mwilini. Na Seifu kila alipotazama grisi iliyojaa kwenye kucha zake alihisi kuwa jibu analijua.

Ndipo Muhanna alipotuma ujumbe: Jumamosi asubuhi twende tukavue. Posa haikutajwa.

Ilyasi aliposikia alishika kichwa. "Ule mzee jambo ya maana anasemaka kwenye maji, nyumbani apana. We nenda, lakini tulia."

"Mi sijawahi kuvua," Seifu alisema. Samaki alimjua kwenye sahani.

Miza naye alimsindikiza mlangoni. "Ukifika kule, kaa. Kaa tu, usiguse kitu ya mutu."

Gari la Muhanna lilikuwa kwenye foleni ya kituo tangu Alhamisi, kwa hiyo wazee wawili walitembea hadi kwenye mawe ya ziwa, kusini mwa mji. Muhanna alimpa Seifu mshipi uliozungushwa kwenye kipande cha mti, ndoano mwishoni, ndagala mmoja, dagaa wa ziwa lile, akiwa chambo. Yeye mwenyewe alishika fimbo ya kuvulia yenye mulinee, kile kigurudumu cha kukunjia uzi.

"Uzi uweke juu ya kidole," alifundisha. "Kuhe, ule samaki mukubwa wa huku, anaonjaka kwanza. Akigusa, nyamaza. Akienda nayo, ndiyo uvute."

Rahisi kusema. Kidole kiliguswa, Seifu akavuta kwa nguvu za kung'oa tairi. Ndoano ilirudi tupu. Akaweka ndagala wa pili, akavuta tena, tupu. Wa tatu hakumpa hata nafasi ya kuzama vizuri. Muhanna aliendelea kuvua kana kwamba yuko peke yake, na hilo ndilo lililomtesa Seifu. Alikaa kushoto, akahamia kulia, akavua kiatu, akakivaa. Kwa nini mtu akuite umbali wote huu kisha atazame maji?

Na juu ya yote, ile mulinee. Kila Muhanna alipoizungusha ilisaga, krrr, krrr, mchanga mtupu ndani. Seifu aliisikia kwenye meno. Aliuma ulimi, akatazama milima ya Kongo ng'ambo, akajikumbusha maneno ya mkewe.

Jua lilipopanda Muhanna aliegemeza fimbo kwenye jiwe, akajitenga kuswali dhuha.

Haya, Seifu, kaa basi! Alikaa, tuseme, dakika mbili. Kisha bisibisi ilikuwa mkononi, imetoka mfukoni yenyewe kama kawaida yake, na mulinee ilikuwa wazi juu ya leso. Mchanga ulijaa, grisi imekauka ikawa nyeusi. Alifuta, akapuliza, moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Hapo springi ndogo iliruka, ikang'aa juani, ikaingia ziwani.

Seifu aliona harusi ya mwanawe ikizama nayo.

"Ilikuwa ya marehemu baba," Muhanna alisema nyuma yake. "Tangu afe hakuna aliyeifungua."

Seifu aliona kalamu kwenye mfuko wa shati la Muhanna, akanyoosha mkono bila kuomba, akaifungua, akatoa springi yake, akaikata kwa meno hadi ikawa kipimo. Alipaka grisi kutoka kwenye kikopo anachotembea nacho, akafunga skrubu moja moja. Muhanna aliipokea, akaizungusha. Haikutoa sauti yoyote. Akaizungusha tena, polepole, sikio karibu.

"Ile kelele," alisema. "Mi nilikuwa nasikia kama baba iko hapa."

Seifu alitamani ziwa limmeze. "Mzee, nirudishe muchanga?"

Muhanna alimtazama. Kisha alicheka, kicheko kilichomfanya afute macho kwa ukingo wa kanzu, na hakikuwa kicheko kitupu. Alirusha uzi wake majini, akamwonyesha Seifu naye arushe. Wakakaa.

"Mutoto wako naye," Muhanna aliuliza, "anafunguaka vitu ya watu hivi?"

Seifu angeweza kudanganya. "Ndiyo, mzee. Kunipita mimi."

"Na kufunga?"

"Anafunga. Haachi kitu wazi."

Kidole cha Seifu kiliguswa. Kikaguswa tena. Hakuvuta, maana hakuthubutu hata kumeza mate. Alimtazama Muhanna mdomoni.

"Lamya yeye ameshanambia anataka," Muhanna alisema, macho kwenye maji. "Mi ndiye nilikuwa naogopa, nyumba itanyamaza sana." Alizungusha mulinee nusu mzunguko, ikanyamaza. "Ambia Ilyasi aje Ijumaa, baada ya swala."

Seifu alibaki pale pale kama jiwe alilokalia. Uzi ulimpita juu ya kidole, ukaenda, ukaenda, na yeye hakuuona kwa machozi.

"Seifu! Anaenda nayo! Vuta basi!"

Akavuta, na safari hii kulikuwa na mtu upande wa pili: kuhe.