Kabine Iliyojengwa Kwenda Juu

Enzi zetu, wenzangu mliosomea Goma kabla ya uhuru, nani asiyekumbuka kwenda shule na chupa ya maji kichwani? Si ya kunywa, ya kunawa. Tuliyachota ziwani kungali na baridi, tukapanda nayo mpaka misheni, shingo imekazwa, maana aliyefika na chupa nusu alirudishwa. Mlangoni alisimama masere, mtawa wa kizungu aliyekuwa mkuu wa shule yetu ya wasichana. Alikagua kucha, masikio, nywele, kisha vidole vya miguu. Ukiwa na funza unakaa juu ya jiwe, anatolewa kwa sindano mbele ya wote. Umetoka nyumbani umeshiba viazi vitamu na maharage, lakini ukiiona ile sindano unasahau shibe yote. Wajukuu wangu leo wanapaka tone moja la dawa kutoka kwenye kichupa na kusema mikono imetakata. Imetakata ya wapi? Nawatazama tu.

Kazi ya usafi ilikuwa yetu wenyewe. Wanafunzi tulimchagua shefu, yaani kiongozi, wa usafi, na tulimchagua Kahindo, rafiki yangu niliyekaa naye benchi moja, mtoto wa watu wa Butembo waliohamia kwetu. Alikuwa mkali huyo! Yeye ndiye aliyepanga zamu za kufagia, za kuchota maji, za kumwaga majivu kwenye kabine, yaani choo. Ukimwaga majivu kidogo anakuuliza, kama vile unapika kisamvu, "Dada, unatia chumvi mu sombe?"

Lakini kabine yetu ilikuwa imejaa, na Goma kuchimba ni adhabu. Ukipiga jembe unakutana na jiwe la volkano, jembe linalia, wewe unalia. Wafanyakazi wa misheni walichimba shimo jipya likafika magotini, wakashindwa. Wakati huo watoto wakaanza kuhara damu. Ndipo akaja mzungu wa afya tuliyemwita Bwana Sanitere. Alichungulia kabine kitambaa kikiwa puani, akamwambia masere kwamba Jumatatu anataka kuona kabine mpya, ama sivyo shule ya wasichana inafungwa. Ya wavulana hakuitaja.

Niwaambie ukweli, tuliogopa kuliko siku ya mtihani. Baba zetu walikuwa wakisema wazi, "Mutoto mwanamuke akisharudi ku shamba, amerudi." Shule ikifungwa hata mwezi mmoja, wengi wetu tungeishia kwenye jembe, kisha kuolewa. Kahindo zaidi ya wote, maana baba yake alikuwa na shamba la maharage Kibati na alimwachia asome kwa shingo upande.

Alhamisi asubuhi Kahindo akagundua shimo nyuma ya darasa, chini ya majani. Lilikuwa kubwa, la mviringo, refu kumpita mtu mzima, ndani ya jiwe lenyewe. Tulicheka, tukakumbatiana, tukasema Mungu ametuchimbia. Furaha ile ndiyo iliyotupofusha. Maana hakuna mtoto wa Goma asiyejua mazuku, ile hewa mbaya inayotoka chini ya mawe, haina rangi wala moshi, inajaa mashimoni na kuua mbuzi, mbwa, hata mtu. Mama zetu walitukanya kila siku, "Musiingie mu shimo yenye haina upepo." Siku ile hakuna aliyekumbuka.

Kahindo akafunga kamba kiunoni asije akateleza, akashuka kutoa matawi makavu. Alikuwa akituamuru hata kutoka kule chini, shika hili, vuta lile. Kisha akainama kuokota tawi, na sauti ikakatika.

Tukamwita, tukamwita tena. Msichana mmoja mkubwa alikuwa ameshaweka mguu aende kumtoa, nikamkamata kwa kikwembe, kitenge alichojifunga, nikapiga kelele, mazuku, mazuku. Tukavuta kamba. Jamani, mtu aliyelegea ni mzito. Kamba ilikuwa inasuguana na ukingo wa jiwe, nyuzi zinakatika tunaziona, na ukiachia kidogo anarudi chini. Alipotoka, uso wake ulikuwa wa majivu, macho wazi hayaoni. Tulimpepea kwa bikwembe tukilia. Nilidhani amekufa. Mara akakohoa, akatapika, akaanza kutetemeka.

Ndipo mmoja wetu akanong'ona, "Tusiseme. Tufunike na miti, tuweke mulango. Bwana Sanitere hatashuka mule." Na kweli asingeshuka. Shule ingepona siku ileile. Kahindo akamgeukia. "Na katoto ka darasa ya kwanza kakianguka?" Akasimama, akaenda mwenyewe kwa masere. "Masere, ile shimo ni ya mazuku. Inaua."

Masere aliketi kwenye jiwe la funza, mikono usoni. Akauliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, sasa sisi nafanya nini? Kahindo akajibu, "Chini imekataa. Tujenge kwenda juu."

Na mawe Goma yanakosekana lini? Lile shimo la magotini tukalizungushia ukuta, jiwe juu ya jiwe, ili kina kipatikane juu badala ya chini. Tulibeba mawe kichwani mpaka nywele zikanyonyoka. Mama zetu wakaja na bikwembe vimefungwa viunoni. Fundi wa misheni akatia saruji na ngazi. Lile la mazuku tukalijaza mawe.

Jumamosi baba yake Kahindo akafika. Habari alikuwa ameipata sokoni. Hakupaza sauti. "Nilileta mutoto asome. Nyinyi munamuchimbisha kaburi." Masere alimsihi, mama zetu wakamsihi, baba yule akatazama pembeni. Kahindo alikuwa na jiwe kichwani. Akaliweka ukutani, akalisukuma likakaa sawa, akanawa mikono, akamfuata baba yake. Nililia hadi kwikwi ikanishika.

Jumatatu Bwana Sanitere alipanda ngazi, akachungulia, akashuka bila kitambaa. Akauliza shefu wa usafi ni nani, anataka kumpa mkono. Hakuna aliyesimama. Shule haikufungwa.

Leo shule ya wajukuu wangu kule Himbi ina vyoo vya vigae na mabomba, na bado watoto wanabana mkojo mpaka nyumbani, eti vinanuka, eti mfagizi hakuja. Ukiwaambia washike ufagio wanakutazama kama umewatukana. Sisi wa darasa lile tulikuja kuwa walimu, wauguzi, mmoja hata karani wa mahakama. Kahindo hakurudi tena shuleni; yuko Kibati, mzee kama mimi, mikono migumu kwa jembe. Kurasa hizi nilimpelekea yeye kwanza. Alizipokea, akazipapasa, akazigeuza upande huu na huu, akanirudishia.

"Unisomee," akasema.