Trela ya Jeshi, Hema za Mama

Kwetu watu huamini kwamba kitu cha jeshi hakiharibiki. Baba alikuwa ameniachia imani hiyo tangu utotoni, nami nikaitupa mwaka wa pili wa chuo kikuu pamoja na nyingine nyingi. Kama hakiharibiki, mbona wanakiuza? Nilimuuliza hivyo siku trela ilipofika nyumbani Kisumu kutoka mnadani, imepakiwa juu ya lori kwa sababu hatukuwa na gari la kuivuta jinsi ilivyokuwa. Baba alikuwa anaizunguka na kuipigapiga kwa kiganja kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Wanauza kwa sababu wamepata mpya, japuonj," akanijibu. Japuonj ni mwalimu. Ananiita hivyo nikimchosha.

Alikuwa dereva jeshini, na trela za aina hiyo alizivuta mpaka akastaafu. Mama anakodisha hema, viti na sufuria za matanga. Kabla ya trela tulikuwa tunaenda mara mbili na pikapu, na wageni wa mwenye msiba wanakaa juani wakingoja safari ya pili. Kwa hiyo kununua sikupinga. Kilichonisumbua ni kwamba Mama husafiri na vitu vyake kila mara. Popote trela ingekwenda, yeye angekuwa mbele yake, kati yangu na Baba, kwenye kiti kisicho na mkanda.

Tuliipeleka Mamboleo, pembeni mwa mji, kwa fundi wa kuchomelea. Mbele ilikuwa na pete nene ya chuma, ya kunaswa na ndoano ya lori. Pikapu yetu haina ndoano. Ina kichwa cha chuma cha mviringo, tena kiko chini sana. Fundi aliikata pete, akaushusha mkono wa trela, akachomelea kikombe cha kukikalia kile kichwa. Balbu zilikuwa za volti ishirini na nne, akaweka za kumi na mbili. Rangi ya kijani ya jeshi huwezi kutembea nayo barabarani ukiwa raia, kwa hiyo Mama akachagua buluu, ile ya sare ya akina mama wa kanisa lake.

Alipomaliza, fundi aliniambia niuinue ule mkono. Ulikuwa mzito.

"Huo uzito usipotee," akasema. "Ukipakia, trela lazima ilalie gari kidogo. Ikianza kuinua gari nyuma, hapo si wewe unavuta. Ni yeye anakuendesha."

"Baba, umesikia?"

"Hizi nimevuta wewe hujazaliwa. Mpaka kwenye mawe huko kaskazini."

"Ukivuta na nini?"

"Na lori."

"Lori la tani ngapi?"

Fundi akageuka kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimepotea. Baba akaingia garini.

Jumamosi tulikuwa na matanga upande wa juu wa Sondu. Mama ana utaratibu wake wa kupakia, na wapakiaji wake wawili hawahitaji kuelezwa. Hema huwa mwisho. Ukifika kwenye boma, hema ndiyo ya kwanza kusimama ili wazee wapate kivuli, la sivyo utasemwa mpaka mazishi ya mtu mwingine. Kwa hiyo viti vya plastiki, ambavyo ni vyepesi, vinaingia kwanza na kujaa mbele. Sufuria zinafuata. Turubai na vyuma vya hema, ambavyo wanaume wawili wanabeba wakihema, vinakaa mlangoni kabisa. Kwenye pikapu utaratibu huo haukuwa na shida. Kwenye trela ya ekseli moja, uzito wote ulikuwa umekaa nyuma ya magurudumu.

Niliangalia springi za pikapu. Zilikuwa zimepanda. Nikaweka mkono chini ya mkono wa trela na kuusukuma juu, na ukanifuata kama kitu kisicho na mwenyewe.

"Mama, hema iende mbele."

"Ndiyo tufike tuanze kutoa viti mia mbili watu wakituangalia?"

"Kumbe degree ni ya kupanga viti," mpakiaji mmoja akasema.

"Omera, ndugu yangu, mwache," akajibu mwenzake. "Huyu amesoma mpaka akafika kwa hema."

Wakacheka. Baba akacheka, Mama naye. Mimi pia nikacheka, nikaingia garini nikafunga mlango. Ningeweza kukataa kupanda. Ningeweza kueleza kwa sentensi mbili kinachotokea mzigo ukiwa nyuma na gari linashuka, maana nilikuwa nimekisoma na kukielewa. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa mtu ambaye kwake kila kitu ni swali. Nilitaka asubuhi moja tu ya kuwa kama wao.

Kwenda tulipanda polepole na hakuna kilichotokea. Tulipopita soko la Sondu Baba aliniangalia kwa pembeni. "Umeona?"

Baada ya mazishi, viti vilikusanywa kwanza, kwa sababu hema haishuki mpaka wazee wa mwisho wainuke. Kwa hiyo ikaingia tena mwisho. Safari hii sikusema hata neno. Wapakiaji wakabaki kula, sisi tukaondoka.

Kwenye mteremko basi lilitupita kwa kasi, na upepo wake ukaigusa trela. Nilihisi kwenye kiti kwanza, mgongo ukisukumwa kushoto, halafu kulia, halafu kushoto tena kwa nguvu zaidi. Usukani ulikuwa unacheza mikononi mwa Baba. Mama akanishika paja. Baba akafanya alichofanya maisha yake yote kwenye lori: akakanyaga breki. Kikombe kikaruka. Niliona kitu cha buluu kikitupita upande wa dirisha langu, kimelala ubavu, kikimwaga viti, na mbele yake mwanamke aliyebeba kuni. Kuni zikaanguka. Yeye sikumwona tena.

Pikapu ilisimama ikiwa imekingama barabarani. Trela ilikuwa mtaroni, gurudumu moja bado linazunguka. Mwanamke alitoka kwenye mahindi, mguu mmoja hauna kiatu.

"Yawa! Mnataka kuniua na viti?" akapiga kelele. "Kama ni vita si mngesema?"

Baba alimwendea mikono ikiwa imeinuliwa, akamwomba msamaha kwa Dholuo, mara nyingi kuliko nilivyowahi kumsikia akiomba kitu chochote. Mama alikuwa amegonga mdomo kwenye dashibodi. Alikaa ukingoni na leso usoni, na leso ilikuwa inabadilika rangi.

Baba akarudi, akasimama mbele yangu.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukapanda?"

"Mlinicheka," nikasema, na nikasikia jinsi jibu hilo lilivyokuwa dogo.

"Mimi nilicheka kwa sababu sikujua. Wewe ulicheka ukijua."

Nilimgeukia Mama, nadhani nikitarajia aniokoe, kama alivyofanya siku zote mimi na Baba tunapogombana. Aliondoa leso. Mdomo ulikuwa umepasuka na kuvimba, na maneno yalitoka moja moja.

"Uliniambia hema iende mbele," akasema. "Hukuniambia naweza kufa."

Baba akaenda barabarani kusimamisha gari la kumpeleka hospitali. Mimi nikashuka mtaroni, nikaanza kuokota viti.