Jani la Uani Kwetu Halikuchagua

Kila asubuhi kabla ya chai huwa naangalia seli zangu.

Ndiyo kazi yangu hapa Moshi mjini. Nafuga seli za saratani kwenye visahani vya maabara, nazinywesha maji ya majani mbalimbali, halafu naangalia kwenye darubini kama zimekufa.

Huwa hazifi.

Asubuhi ile niliinama kuangalia, nikaganda. Kisahani kizima kimekufa!

"Dokta Disha, njoo uone!"

Bosi wangu akaja na kikombe chake mkononi. "Wee Kindness! Jani gani hili?"

"La uani kwetu, kijijini Kilema."

Sikumwambia kwamba mama yangu ana uvimbe kwenye titi. Wala kwamba alikataa upasuaji, na baba anamchemshia jani hilo hilo kila siku.

Moyoni nilikuwa nashangilia. Mama anapona!

Disha akavuta kisahani cha pili. Hicho kilikuwa na seli nzima, zisizo na ugonjwa, nazo tulizinywesha jani lile lile.

Akainamia darubini, akaangalia mara mbili.

"Hizi nazo zimekufa. Halichagui, mdogo wangu. Hata jiki ya kufulia inaua saratani. Utamnywesha mtu jiki?"

Nikampigia mama. Inaita tu. Baba, vilevile.

Nikadandia boda mpaka Kilema.

Sasa mimi ni mtu mwenye aibu. Tangu nizaliwe sijawahi kumpinga baba. Nilipofika kwenye mpaka wa kihamba chetu, shamba la ukoo, nikachuma isale. Kwetu Wachagga, ukimpa mtu jani hilo kumwomba msamaha, hawezi kukukatalia.

Baba alikuwa jikoni, anakoroga sufuria.

"Shikamoo baba." Nikampa isale kwa mikono miwili.

"Marahaba. Umenikosea nini?"

"Bado. Ndiyo nataka kukukosea."

Nikainua sufuria, nikaimwaga yote nje.

"Una wazimu wewe!"

"Hii ni sumu, baba. Nimeipima."

Mkono ulishapanda kunipiga. Akaliona lile jani mkononi mwake, akaushusha. Akasema kwa sauti ndogo, "Asubuhi hii amekunywa kikombe kizima."

Tukakimbilia chumbani. Mama amelala, kaangalia ukuta. Kikombe kitupu pembeni yake.

"Mama!"

Nikamtikisa bega.

"Mama!"

Akageuka taratibu. "Acha kelele. Nimewasikia. Sijawahi kunywa hata tone."

Akanyoosha kidole dirishani. Mgomba wa pale nje ulikuwa umekauka wote, umeinama kama mtu aliyevunjika shingo.

Baba akauliza, "Sasa kwa nini ulinidanganya?"

Wewe unayesoma, jani kuua seli kwenye kisahani bado si dawa. Na mgonjwa wako akikataa hospitali, muulize anaogopa nini kabla hujaanza kuchemsha. Sisi hatukuuliza.

"Ungejua sinywi, ungenipeleka wakanikate titi," mama akasema, machozi yanamtoka. "Halafu usinitazame tena."

Baba sijawahi kumsikia akimwita mama kwa jina lake. Siku ile alimwita, mbele yangu.

"Wakate tu, Aikaeli. Mimi nakutaka wewe."