Aliyebisha Hodi Guangzhou

Nikikumbuka Guangzhou, Uchina, kwanza huja sauti ya selotepu. Kraa, kraa, kutwa nzima, kutoka ghorofa za chini walikofungia mizigo ya nguo, nami niko juu, ghorofa ya saba, uso nimeubandika kwenye nondo za dirisha kama kuku wa tenga. Nilikuwa na miaka minane. Tuliishi nyuma ya barabara ya Guangyuan Xilu, na viza zetu zilikuwa zimekwisha. Asubuhi moja baba alikwenda soko la Shahe kununua nguo za watoto, akasema atarudi adhuhuri. Hakurudi, na simu yake ikazimwa. Tangu hapo mama alikataza kila kitu: kufungua pazia, kucheka kwa sauti, na zaidi ya yote kumwitikia mtu mlangoni. Maharage yalipoisha tukala wali na chumvi. Nilichoka, jamani, nikamchukia kila aliyepita kwenye ngazi zile.

Mtoto aliyefungiwa hujaa mawazo, na yangu yote yalikuwa ya mgeni. Katika filamu tulizorudia mpaka diski zikakwaruzika, mtu asiyejulikana akigonga mlango amekuja kuua. Katika hadithi za bibi yangu wa Tanga, mgeni mzuri kupita kiasi hutazamwa miguu, maana huenda ana kwato. Lakini mwalimu wa chuo cha Kurani alitufundisha kwamba Nabii Ibrahimu aliwaandalia ndama wageni asiowajua, kumbe malaika. Wahenga nao husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji gani sasa? Pale wageni tulikuwa sisi.

Alasiri moja mlango ukagongwa taratibu, na sauti ya kiume ikasema hodi. Mama akaganda, mwiko mkononi. Alihofia polisi wamemleta mtu wa kwetu aje kututoa. Ikaja hodi ya pili. Kwetu pwani hodi ni tatu. Ya tatu isipojibiwa, muungwana huenda zake. Ilipokuja ya tatu, mdomo wangu, uliofunzwa tangu natambaa, ukajibu wenyewe: karibu. Mama alinitazama kwa jicho kali. Lakini karibu ikishatoka haimezwi tena, akajitanda mtandio, akafungua.

Alikuwa mfanyabiashara wa Mombasa tusiyemjua. Hakuingia, kwa kuwa mwenye nyumba hayupo. Alisimama kizingitini akitazama chini. Alisema alilala mahabusu chumba kimoja na baba, aliyekamatwa kwa viza iliyokwisha, ila karatasi zake yeye zikaonekana sawa, akaachiwa.

"Shemeji, bwanako anasema usimngoje. Jipelekeni wenyewe polisi, mrudishwe nyumbani pamoja."

Mama alilia palepale, mbele ya mgeni. Kesho yake tulishuka zile ngazi mchana kweupe.

Leo tunaishi Kariakoo. Juu yetu amepanga mama wa Kichina na mwanawe, na mapazia yao hayafunguliwi. Wanangu huwatungia visa vya kutisha. Kila Ijumaa mama yangu, na magoti yake mabovu, hupanda na sahani ya pilau, hugonga, hajibiwi, hushuka nayo. Juzi nilimwambia aache kujisumbua, pengine hawamo.

"Wamo," akasema. "Nikigonga, namsikia mama mtu akimnyamazisha mtoto."