Alama ya Mkanda

Karani wa Boma alinisomea ripoti akiwa amesimama, akitafsiri Kiingereza huku akipiga miayo. Mdogo wangu, aliyekuwa akiwashikia wapima ardhi mnyororo, alikuwa amekufa wiki sita kabla, ndege ndogo ya Mzungu mmoja ilipoanguka msituni juu ya Momela. Rubani alivunjika mguu, akapona. Kwa hiyo maneno yote ya ripoti yalikuwa ya rubani.

Ilisema anga lilikuwa safi, bila wingu. Ilisema abiria Mwafrika, ambaye hajapata kupanda ndege, aliingiwa na hofu, akafungua mkanda wa kiti, akamrukia rubani na kuung'ang'ania usukani.

"Hiyo ilikuwa safari yake ya tatu," nilisema. "Na ukungu ulitanda toka alfajiri. Hatukuanika hata kahawa."

Karani akacheka. "Umesoma mpaka la ngapi, ndugu yangu?"

"La nne." Niliacha shule wazazi wetu walipokufa, ili wadogo zangu wasome.

"La nne! Na unaisahihisha ripoti ya serikali!"

Hilo halikuniumiza. Kilichoniumiza ni mkanda, maana mimi ndiye niliyemwosha. Nilimwosha pamoja na baba mdogo, katika chumba cha nyuma, na sote wawili tuliuona: mstari mpana mweusi uliokatiza tumbo kutoka nyonga hadi nyonga, na katikati alama ya mraba ya kifungo. Mtu aliyefungua mkanda hapati alama ile. Alikuwa amekaa kitini pake, amefungwa, mpaka chini.

Lakini kwetu, aliyeosha maiti hasemi alichokiona. Hata mama mzazi haulizi.

Nilisema. Nilimwambia karani yote palepale, ulimi mzito kama wa mwizi. Akaacha kucheka.

"Nani mwingine aliona? Wewe ni kaka yake. Lete wa pili, nitaandika, nitampelekea Bwana Shauri, mkuu wa wilaya mwenyewe."

Nilipanda mlima kwa miguu mpaka kwa baba mdogo. Nilimkuta akipogoa mibuni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umefuata nini na jua hili?"

Nilipomweleza, aliweka kisu chini. "Umewaambia watu wa Boma habari za mwili wa mwanangu?"

"Wanasema yeye ndiye aliyeiangusha ndege, baba. Shuleni dada yake anaimbiwa nyimbo za kumdhihaki. Sema neno moja tu."

"Baba yako nilimwosha mimi. Umewahi kunisikia nikisema alikuwaje?"

"Sijawahi."

"Basi. Usiniombe tena." Akaokota kisu.

Nilirudi Boma peke yangu. Karani aliandika, nikatia sahihi kwa herufi zangu kubwa za shule. Bwana Shauri aliisoma karatasi mbele yangu, akasema bila ukali, kwa Kiswahili kizuri, "Kaka mtu lazima aseme hivi." Akaibana nyuma ya ripoti.

Muhula ule dada yetu aligoma kurudi shule. Nilimsindikiza mpaka lango la misheni siku tatu mfululizo, na siku zote tatu alifika nyumbani kabla yangu, kwa njia ya mtoni. Boma nayo sikuiacha. Nilikwenda kila nilipopeleka kahawa mjini, mpaka karani yule akahamishwa, na aliyemfuata hakujua faili liko wapi. "Ndege gani?" aliniuliza.

Baba mdogo hakuninunia. Aliendelea kunikaribisha, kunilisha, kuwauliza hali wadogo zangu. Ila kila ulipotokea msiba katika ukoo, aliita wengine kuosha, nami nikabaki nje na waliokuja kuhani.

Alipofariki yeye, nilikwenda mapema, nimebeba ndoo ya maji. Mwanawe mkubwa aliipokea mlangoni, akanishukuru, akafunga mlango.